Fileti ya Mzee Nzivo

Itangazwe kwa wakazi wote wa Shauri Moyo, kwa wafanyabiashara wa Gikomba, kwa wapita njia wa Jogoo Road na kwa yeyote mwenye masikio mawili yanayofanya kazi, kwamba katika mwezi wa Agosti, bila sindano, bila kidonge na bila hata chupa moja ya mitishamba, Daktari Muthoki, bingwa wa misuli ya ndani ya binadamu, alimrudishia mzee wa miaka sabini na moja pumzi yake, nguvu zake na mwendo wake.

Daktari huyo alikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Muhula uliotangulia alikuwa amepata alama thelathini na moja katika Biolojia, na mwalimu wake wa darasa alikuwa ameandika kwenye ripoti: "Ana kipaji, ila hatujajua cha nini."

Elimu yake ya misuli aliipata kwa njia ya adhabu. Mwezi wa Juni, katika shule yao ya bweni kule Machakos, lilibandikwa tangazo lenye muhuri wa mwalimu mkuu, likiamuru kwamba kwa heshima ya mazingira kila mwanafunzi ausalimie mti wa kwanza atakaokutana nao asubuhi. Kwa siku mbili wasichana wa kidato cha kwanza waliiinamia mijakaranda wakisema "Shikamoo." Siku ya tatu mwalimu mkuu aliugusa ule muhuri kwa kidole, akakinusa kidole, kisha akauliza ni nani aliyeiba kiazi jikoni akakichonga muhuri.

Muthoki alihukumiwa kubeba mikeka ya Madam Adoyo, mwalimu wa michezo, hadi mwisho wa muhula. Ndivyo alivyokuwapo, amekumbatia mkeka, siku Madam Adoyo alipomlaza chini mkimbiaji mmoja aliyekuwa akilalamika mgongo.

"Kuna msuli umejificha ndani kabisa, nyuma ya matumbo," Madam Adoyo alieleza. "Unaanzia kwenye uti wa mgongo, hapa kiunoni, unapita nyonga, unakwenda kuushika mfupa wa paja kwa ndani. Kila upande una wake. Ndio unaoinua goti. Vitabuni unaitwa soasi. Sasa, mtu akikaa kutwa amekunja miguu, msuli huu nao unakaa umejikunja, hata unauzoea ufupi. Akisimama, unamvuta mgongo kwa mbele kama kamba ya hema iliyokazwa mno. Tena pale juu unapoanzia umepakana na kiwambo cha pumzi. Kiuno kikikazwa, pumzi nayo hubaki juu kifuani. Mtu anachoka kabla hajafanya kazi. Sisemi kila uchovu ni huo, lakini ukishaona mzee anatembea kama anayetafuta sindano iliyoanguka, anza kuuliza habari za soasi."

Muthoki aliuangusha mkeka. Alikuwa anamfahamu mzee anayetafuta sindano.

Mzee Nzivo alikuwa babu yake, na Muthoki alimwita Umau kama Wakamba waitavyo; marehemu nyanya yake alikuwa Susu, naye mwenyewe aliitwa mwiitu, yaani binti. Kila likizo alikaa naye Shauri Moyo, kwenye chumba kilekile cha baraza la jiji ambamo mama yake alizaliwa, kwa kuwa mama mwenyewe alikuwa karani wa reli na kazi ilikuwa imempeleka Voi. Kwa miaka hamsini na miwili Umau alikuwa amekaa kwenye gogo fupi ndani ya kibanda cha wachongaji karibu na Gikomba, magoti yamekaribia kidevu, mti umebanwa kati ya nyayo, tezo yake ya kuchongea ikipanda na kushuka. Kutoka kwenye gogo hilo alikuwa ametoa swala, twiga, wazee wenye mikongojo na Wamasai wa kila urefu. Na alipokuwa akichonga alipiga mluzi. Nyimbo za kanisani, zote za sauti ya kwanza, bila kukosa pumzi hata kwenye zile beti ndefu ambazo waumini wengine hujifanya wanakohoa.

Agosti hii Muthoki alipofika, mluzi haukuwapo.

Umau alisimama mara tatu kati ya nyumbani na kibandani, mkono mmoja kiunoni, mwingine kwenye ukuta wa mtu. Saa nane mchana alikuwa amesinzia na tezo mapajani. Zahanati walikuwa wamempima presha, sukari na mapafu, wakakuta vyote viko sawa, wakamwambia ni umri. Umau aliupokea umri kama mtu anavyopokea barua ya kuhamishwa.

"Mjomba wako Maingi atakuja na pikapu Jumamosi ya mwisho wa mwezi," alimwambia Muthoki wakiwa wanakula muthokoi. "Nitahamia kwake Tassia. Ana kochi kubwa. Nitakaa nitazame televisheni."

"Na tezo?"

"Nimemwahidi Musyoka wa pale kibandani. Bado kijana, ana miaka hamsini tu."

Muthoki alitazama tezo iliyokuwa imeegemezwa mlangoni, mpini wake umechimbika mahali pa kidole gumba cha Umau. Alijaribu kukifikiria kile kidole kikibonyeza rimoti.

Kwanza alijaribu ukweli. Ni vyema hili lijulikane, maana baadaye lilisahauliwa.

"Umau, kuna msuli ndani ya kiuno chako umejikunja. Ukilala hapa chini, ukanyoosha mguu hivi, kila siku kidogo kidogo..."

"Mimi nilale sakafuni kama mkeka?" Umau alicheka hadi akashika mgongo. "Mazoezi ni ya polisi, mwiitu, na ya watu waliokula kupita kiasi. Mimi sijawa yeyote kati yao."

"Sio mazoezi makali."

"Nilitahiriwa kwa kisu, nikaoa, nikamzika susu yako, nimechonga twiga elfu. Sasa nifundishwe kulala?"

Muthoki akaenda kutafuta ushauri wa kitaalamu kwenye bucha ya Zedekiah, mkabala na kibanda cha wachongaji. Zedekiah alikuwa mtu wa Vihiga, mpana kama mlango wa bucha yake, na wachongaji wote walimwachia ujumbe wao kwa sababu yeye hakuwahi kufunga mapema wala kunyamaza.

"Anko Zede, nionyeshe msuli unaotoka mgongoni ukaenda kushika paja kwa ndani."

Zedekiah aliigeuza nusu ya ng'ombe iliyokuwa ikining'inia, akaweka ncha ya kisu kwenye kipande kirefu, kilaini, kilicholala ndani kando ya uti wa mgongo. "Huu hapa. Fileti. Hoteli kubwa huugombania."

"Mbona ni laini hivyo?"

"Ng'ombe hana kazi nao, mtoto. Mgongo umelala, miguu minne chini. Umewahi kuona ng'ombe amesimama wima kwenye foleni ya hospitali?"

"Basi fileti ya Umau imekuwa kamba ya kiatu," Muthoki alisema, akamweleza yote: gogo, Madam Adoyo, pumzi, Tassia, kochi. Alipofika kwenye mluzi, Zedekiah aliacha kunoa kisu.

"Huo mluzi nauona umekosekana," alisema. "Nilikuwa nakata nyama kwa kufuata mdundo wake. Siku hizi vipande haviko sawa."

"Amekataa kunyoosha mwili."

"Atakataa. Mzee hawezi kuamrishwa kulala. Labda aitiwe kazi."

Hapo ndipo Muthoki alipokumbuka desturi ya babu yake, na meno yake yote yakaonekana kwa mara ya kwanza tangu likizo ianze.

Mzee Nzivo hakuchonga mwili ambao hajauvaa. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake na ndiyo iliyomfanya ajulikane. Alipotaka kuchonga Mmasai aliyesimama kwa mguu mmoja, alisimama kwa mguu mmoja mlangoni, jirani wakidhani ameweka nadhiri. Alipochonga swala anayekunywa maji, alipiga magoti juu ya karai mbele ya wajukuu saa ya chai ya Krismasi. "Mti hauongopi," alisema. "Usipojua uzito unaangukia wapi mwilini mwako, sanamu itaanguka kwenye kabati la mtu."

Siku mbili baadaye Zedekiah alivuka barabara akiwa na bahasha yenye alama ya kidole chenye mafuta ya nyama.

"Mzee Nzivo! Kuna mtu mwenye kofia kubwa ameacha hii. Alikuwa na haraka."

Muthoki alipewa barua aisome, kwa kuwa miwani ya Umau ilikuwa imebaki nyumbani. Aliisoma kwa sauti nzito kama ya mchungaji siku ya mazishi ya tajiri:

"Kwa Mchongaji Mheshimiwa Nzivo. Mimi, Profesa Ardo, Mlezi Mkuu wa Jumba la Sanamu za Watu Waliotulia, nimeisikia sifa yako ng'ambo. Naomba sanamu tatu za mjakaranda, kila moja kwa mkao nilioonyesha kwenye michoro. Ya kwanza: mtu amepiga goti moja, mguu wa pili mbele, kifua juu, nyonga ameisukuma mbele polepole. Ya pili: mtu amelala ukingoni mwa meza, goti moja amelikumbatia, mguu wa pili unaning'inia. Ya tatu: mtu amelala chali, miguu juu ya kigoda, mkono juu ya kitovu, na lazima aonekane anavuta pumzi hadi pale mkono ulipo. Uzito usomwe kwa miguu yote miwili, kulia na kushoto, kwa haki sawa. Mchongaji asikae zaidi ya nusu saa bila kuinuka na kuitazama kazi yake kutoka umbali wa hatua mia moja. Nitakuja mwenyewe Jumamosi ya mwisho wa mwezi."

Chini kulikuwa na muhuri wa zambarau wenye tembo na maandishi yaliyozunguka.

Musyoka, mrithi mtarajiwa wa tezo, alikuwa wa kwanza kupumua. "Hatua mia moja? Hapo atakuwa amefika kwa wauza viatu."

Umau aliichukua michoro, akaisogeza, akaisogeza mbali zaidi, akafinya macho. "Huyu Profesa," alisema mwishowe, "watu wa kwao wana vidole vinne vya miguu?"

Muthoki alihisi jasho likishuka nyuma ya masikio. Alitazama. Kweli, kila mguu ulikuwa na vidole vinne. Kidole cha tano kilikuwa kimemsumbua tangu utoto, hakikupata nafasi.

"Labda ni baridi, Umau. Nchi zile baridi hula kidole."

Umau alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko jibu lilivyohitaji. "Mteja ni mteja," alisema. "Vidole vinne atapata."

Basi kazi ikaanza. Siku ya kwanza alipiga goti kwenye gunia, akasukuma nyonga mbele, akatoa sauti kama mlango wa ghala.

"Ninahisi kitu kinavutwa ndani hapa," alisema, akijishika mbele ya nyonga. "Mahali ambapo sijui kama nilikuwa na mali."

"Ndipo uzito ulipo," Muthoki alisema kwa unyenyekevu wa malaika. "Usilazimishe, Umau. Hesabu pumzi kumi, kisha badilisha mguu. Profesa amesema haki sawa."

Kila nusu saa alinyanyuka kwenda kuitazama sanamu kutoka mbali. Wauza viatu walimwekea alama ya chaki mahali hatua mia moja zinapoishia, wakaanza kumpa maoni. "Mzee, kichwa chake kikubwa!" "Kichwa chako ndicho kikubwa!" aliwajibu Umau, na ili awajibu vizuri ilimbidi avute pumzi.

Wiki ya pili ilikuwa ya meza. Meza ilikuwa ya Zedekiah, iliyokwanguliwa vizuri, na kila asubuhi kabla nyama haijaletwa Mzee Nzivo alilala ukingoni akikumbatia goti, mguu wa pili ukining'inia, huku Zedekiah akiwaambia wateja wa mapema kwamba huyu hauzwi. Mwanzoni ule mguu ulibaki hewani kama tawi. Siku ya sita ulikuwa umeshuka hadi kisigino kikagusa ndoo.

"Anko Zede, umeona?" Muthoki alinong'ona.

"Nimeona. Usinichome tu mambo haya yakilipuka. Mimi niliona kofia."

Mkao wa tatu ndio Umau aliupenda na kuukasirikia. Alilala chali kibandani, miguu juu ya kigoda, mkono kitovuni, akijaribu kuifikisha pumzi kwenye mkono. Pumzi ilikataa. Ilipanda mabegani, ikakaa kule kama mgeni asiyetaka kuvua koti.

"Nitachongaje pumzi ambayo sina?" aliuliza siku moja macho yakiwa darini, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Nilikuwa nayo. Nilipokuwa nikimbembeleza mama yako alale, nilikuwa nampigia wimbo mzima kwa pumzi moja. Sijui niliiacha wapi."

Muthoki alikaa chini kando yake. Hakuwa na barua ya kusoma wala sauti ya mchungaji. Aliuweka mkono wake juu ya mkono wa babu yake, akangoja. Baada ya muda alihisi mikono yote miwili ikiinuka, kidogo tu, kama unga wa mahamri uliofunikwa, kisha ikashuka.

"Ndiyo hiyo," alisema.

"Ndiyo hiyo," alisema Umau, akafumba macho. Alilala vile robo saa nzima, na alipoinuka aliinuka bila kuushika ukuta.

Jumanne ya wiki ya nne Muthoki alikuwa kwa Zedekiah akinunua matumbo. Ghafla kisu cha Zedekiah kilisimama. Kutoka ng'ambo ya barabara, katikati ya nyundo za mafundi na makelele ya wauza mitumba, ulikuwa unakuja mluzi. Mwanzoni ulijikwaa. Kisha ukashika ubeti, ukaushika hadi mwisho, ukarudia kiitikio kwa maringo. Zedekiah alirudisha kisu kwenye nyama, na vipande vyote vikatoka sawa.

Daktari Muthoki alirudi nyumbani akiruka mitaro. Aliimba. Alipanga hata Profesa Ardo afe kifo cha heshima, labda kwa homa, barua ije na muhuri mweusi, sanamu zibaki kuwa zawadi. Kila kitu kilikuwa kimekamilika.

Ila Ijumaa jioni alimkuta Umau amepiga goti moja kando ya kitanda, mkao wa sanamu ya kwanza kabisa, akivuta kitu kutoka uvunguni.

Kilikuwa kimefungwa kwa leso ya Susu Kavinya, ile ya rangi ya chungwa aliyokuwa akiivaa kila Jumapili baada ya ibada. Ndani ya leso mlikuwa na gogo la mpingo, jeusi, zito, urefu wa mkono. Muthoki alilijua gogo lile. Kila mtu katika ukoo alilijua. Susu alikuwa amelileta mwenyewe kutoka Wamunyu, mwaka waliooana, amelibeba mgongoni kama mtoto, akamwambia mumewe: hili utalichonga siku utakapopata kazi inayolistahili. Susu alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita, na kazi hiyo ilikuwa bado haijaja.

"Imekuja," alisema Umau. "Profesa amenifanya niwe kijana. Mjakaranda haumtoshi. Kesho, kabla hajafika, nitamwanzia ya nne kwa mpingo wa susu yako."

"Umau, hajaagiza ya nne."

"Ndiyo maana ni zawadi."

"Anaweza... anaweza kuchelewa. Watu wa kofia huchelewa."

"Atakuta nimeshaanza. Lala, mwiitu."

Muthoki hakulala vizuri. Tangu azaliwe alikuwa amedanganya watu wengi na alikuwa ameliita jambo hilo kipaji. Hakuwahi kumdanganya mtu akamwona anaenda kukata kitu ambacho hakiwezi kurudi.

Asubuhi Umau alitembea hadi kibandani bila kusimama hata mara moja, mpingo mikononi kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Wachongaji walijipanga. Zedekiah alivuka barabara na aproni yake. Umau alikaa kwenye gogo, akaibana ile johari kati ya nyayo zake, akapiga mluzi mstari mmoja wa wimbo ambao Susu alikuwa akiupenda, akainua tezo juu ya kichwa.

"Usikate!"

Sauti ilitoka kwa Muthoki kabla hajaipa ruhusa.

"Hayupo! Hakuna Profesa, Umau. Hakuna jumba la sanamu, hakuna mtu mwenye kofia. Ni mimi. Niliandika mimi. Ulikataa kunyoosha mgongo, na Anko Maingi alikuwa anakuja na pikapu, na mluzi wako ulikuwa umekwisha, nikaona... Tafadhali usikate mpingo wa Susu kwa ajili ya uongo wangu."

Tezo ilibaki hewani. Zedekiah alianza kuitazama aproni yake kama ambaye amegundua ina maandishi.

"Umemaliza?" aliuliza Umau.

"Ndiyo."

"Na muhuri?"

"Kiazi."

Umau akaishusha tezo polepole, akaigeuza ili mjukuu wake aone. Chuma chake kilikuwa bado kimefungwa kitambaa, kitambaa kinene cha gunia chenye mafundo mawili, vile kinavyofungwa tezo inapopelekwa safari. Isingekata hata ndizi.

Kibanda kizima kililipuka. Musyoka aliangua kicheko hadi akakaa chini.

"Tangu lini?" aliuliza Muthoki.

Umau aliingiza mkono kwenye sanduku lake la msasa, akatoa karatasi iliyokunjwa hadi ikalainika kama kitambaa. Ulikuwa mchoro wa kalamu ya rangi, wa mtu mwenye kichwa kikubwa na kitu kama shoka mkononi. Juu yake mwalimu wa chekechea alikuwa ameandika: UMAU WANGU, NA MUTHOKI. Kila mguu ulikuwa na vidole vinne.

"Njia ya mwongo fupi," alisema Umau. "Yako ilikuwa na urefu wa vidole vinne."

"Sasa mbona ulichonga?"

"Siku ya kwanza nilitaka kuona uongo huu unaenda wapi. Siku ya nne niliamka nikafunga kamba za viatu nikiwa nimesimama. Nikasema, hebu niuache uendelee." Aliusugua ule mchoro kwa kidole gumba. "Na ule muhuri. Tembo mdogo vile, kwenye kiazi, na mkonga hata haukukatika. Nikasema, mkono huu naujua ulikotoka. Lakini nilitaka useme mwenyewe, kwa kinywa chako, bila karatasi. Mtu anayenipenda kiasi hicho asinipende kwa jina la Profesa."

Muthoki alifungua mdomo atoe utani. Umau alimvuta kichwa, akakibana begani mwake penye harufu ya vumbi la mjakaranda, na Muthoki akausikia mwili ule ukivuta pumzi ndefu, ikashuka hadi chini kabisa.

Pikapu ya Mjomba Maingi ilifika wakati huohuo. Maingi alikuwa karani, mtu wa kukaa kwenye kiti saa nane kwa siku. Alishuka kwa awamu: kwanza mguu, kisha mkono kwenye mlango, kisha uso uliokunjamana, kisha mwili uliobaki umekunjika kama bado uko garini.

"Baba, uko tayari? Mizigo iko wapi?"

Mzee Nzivo alisimama wima mbele yake, akamzunguka mara moja kama anayekagua mti kabla ya kuununua.

"Tassia siendi," alisema. "Kochi nenda ukakae wewe. Lakini kabla hujaenda, piga goti hapo kwenye gunia."

"Baba, watu wanatuangalia."

"Piga goti, Maingi. Mguu mmoja mbele. Kifua juu. Sukuma nyonga, polepole, usilazimishe. Muthoki, mhesabie pumzi."

Mpingo ulirudi ndani ya leso. Umau alisema bado unangoja, na haungoji mtu mwenye vidole vinne. Sanamu tatu za mjakaranda zilibaki: ya meza iko kwa Zedekiah, juu ya mizani, ile ya goti iliondoka kwenye pikapu badala ya mzee, ile inayovuta pumzi atapelekewa Madam Adoyo muhula ukifunguliwa.

Lakini kosa halikosi adhabu. Umau aliamuru kwamba kwa kuwa Muthoki aliandika barua ya uongo, sasa aandike habari yote kwa ukweli, aisome kibandani mbele ya wachongaji, kisha ibandikwe ukutani. Imeandikwa. Imesomwa leo asubuhi. Na usomaji ulisimamishwa kwenye sentensi ya kwanza.

"Daktari nani?" aliuliza Umau.

"Ni namna ya kusimulia tu, Umau."

"Na huyu Muthoki anayesifiwa hivi, anayesimulia ni nani?"

Basi nakiri. Muthoki ni mimi. Mimi si daktari. Maarifa ni ya Madam Adoyo, meza ilikuwa ya Zedekiah, na kazi yote ilifanywa na mzee mwenyewe, kulia na kushoto kwa haki sawa, huku akijua. Alama zangu za Biolojia zilikuwa ishirini na tisa, si thelathini na moja. Na kuhusu vidole, naomba ijulikane kwamba ninajua ni vitano. Nimevihesabu leo kwenye miguu ya babu yangu alipokuwa amelala chali, miguu juu ya kigoda, akipiga mluzi. Ila nimejaribu tena kukichora kile kidogo, na bado kimenishinda.